Uzoefu wangu: miezi minane na mosi ya Java na mimea inayoelea kwenye tangi la lita 60

Novemba mwaka jana niliagiza fungu la mimea ya tangi la samaki kwa muuzaji mmoja hapa Dar es Salaam. Shilingi 30,000 pamoja na bodaboda, nikapata bonge la mosi ya Java (mmea wa majini wa nyuzi laini za kijani) lenye ukubwa wa ngumi, na mimea miwili ya kuelea: salvinia, yenye majani madogo, za kujaza viganja viwili, na pistia sita changa, ile inayofanana na kichwa cha saladi. Tangi langu ni la lita 60, lina samaki wadogo aina ya gapi kumi na wawili, changarawe nyeusi, taa ya LED na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Mtungi wa gesi ya kaboni sina. Nilichotaka ni mimea itakayovumilia nyumba isiyo na kiyoyozi, na kwa sehemu kubwa nimeipata.

Mzigo ulifika saa nane mchana, mifuko imefungwa kwa kubana, maji yake vuguvugu. Salvinia na pistia zilikuwa nzima. Mosi ilikuwa kahawia katikati, na nilipoiminya ikatoa harufu ya matope. Nikaipiga picha nikamtumia muuzaji, na kesho yake akanitumia fungu jingine bila kunidai. Kwa hilo namshukuru kwa dhati. Lakini ndani ya nyuzi za mosi walikuwamo konokono wadogo, pamoja na lemna, vile vijani vya kijani vilivyo sawa na punje ya mtama, na hakunitajia. Lemna ikishaingia kwenye tangi kuitoa ni kazi ya miezi, kwa sababu kijani kimoja tu kikibaki nyuma ya filta, baada ya wiki chache umerudi ulikoanzia. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Siku hizi mmea wowote mpya naulaza kwenye ndoo yenye maji safi dirishani kwa wiki mbili kabla haujaingia kwa samaki.

Mosi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Haina mizizi ya kweli, chakula inanyonya kwa vijani vyake, kwa hiyo kuichimbia kwenye changarawe ni kuiua. Na kuiacha bonge zima vilevile ni kuiua polepole, maana ya ndani haipati mwanga wala maji yanayopita. Mama yangu ni fundi cherehani, akanipa uzi mweusi wa pamba na kunishikia kigogo cha mti cha kuifungia mosi, juu ya meza ya jikoni. Nikaikata mosi kwa mkasi vipande vya nusu kidole, nikaitandaza nyembamba mpaka gome la kigogo likawa linaonekana chini yake, kisha nikazungusha uzi, kila mzunguko sentimita moja kutoka mwenzake. Nilipovuta sana Mama akanizuia: “Legeza kidogo mwanangu, unaikata.” Kwenye jiwe nilitumia supaglu ya jeli, tone dogo dogo, na samaki hawakudhurika. Uzi wa pamba huoza wenyewe, na wakati huo mosi imeshashika. Wa nailoni hauozi humo, utabaki unaonekana.

Wiki nne za mwanzo hakikubadilika kitu. Wiki ya tano nikasogeza uso kwenye kioo nikaona ncha mpya, kijani cha majani ya mgomba machanga, zimesimama kuelekea taa. Nilimwita Mama aje aone.

Februari kipimajoto kilifika nyuzi 31, na hapo mosi ikasimama kabisa. Ncha zikafifia, mwani wa nyuzi ukaanza kuizonga. Nikapunguza muda wa kuwasha taa kutoka saa kumi hadi saba kwa siku, nikaelekeza feni ndogo juu ya maji. Maji yanapopaa huondoka na joto, yakashuka hadi 29, ila kila jioni ilibidi niongeze maji yaliyopungua. Ya bomba huwa nayalaza ndooni siku nzima klorini itoke.

Mimea inayoelea haikujali joto hata kidogo. Majani yake yako hewani, hewa ya kaboni inaipata bure, na uchafu wa samaki inaunyonya kupitia mizizi, ndiyo maana inakua kwa kasi ambayo mimea ya chini haiiwezi. Maji yangu yamekuwa maangavu kuliko wakati wowote. Vifaranga vya gapi hujificha katikati ya mizizi ya pistia, inayoning'inia kama manyoya ya kuku aliyelowa, na tangu Januari nimekuza kumi na mmoja bila kuwatenga. Inachotaka ni uso wa maji uliotulia. Salvinia zilizokaa karibu na mapovu ya filta ziliozea juu, na matone ya mvuke kutoka kwenye kifuniko cha kioo yaliharibu nyingine, basi nikaacha kifuniko wazi upana wa vidole viwili.

Usiku mmoja wa Machi umeme ulikatika, pampu ikazima. Salvinia zilikuwa zimefunika maji yote, kwa sababu nilipenda kuziona vile. Alfajiri niliwakuta gapi wote wamejibana kwenye kona moja, midomo juu, wakihema. Gizani mimea nayo hutumia oksijeni, na hewa haikuwa na pa kuingilia. Wawili walikufa. Asubuhi ile ile nilikunja kipande cha mpira wa pampu ya hewa, nikakiunganisha duara na kukielesha. Ndani ya duara hauingii mmea hata mmoja, na theluthi ya uso wa maji hubaki wazi daima.

Kila Jumamosi natoa zinazozidi, karibu bakuli zima. Nimekulia Mwanza, nimeona gugu maji lililotoka Amerika ya Kusini likiziba mwalo hadi mitumbwi ishindwe kutoka. Salvinia na pistia zina tabia ile ile zikipata maji ya wazi, kwa hiyo hazigusi mtaro wala mto. Nazianika juani kwenye saruji mpaka zikauke kabisa, kisha zinakwenda kwenye mboji ya mchicha. Lemna mbichi wanakula kuku wa jirani.

Mosi naipa nyota tano, salvinia nne, pistia tatu kwa tangi dogo kama langu, kwa kuwa inaifunika kivuli mosi iliyo chini na ilinibidi nibakize miwili tu. Huduma ya muuzaji naipa tatu. Nitaagiza tena kwake mwezi ujao, mosi peke yake, na nimeshamwandikia: itumwe asubuhi, kwenye kopo lenye nafasi ya hewa, na aisuuze kwanza.