Siku mbili bila kigae hata kimoja

Siku ya kwanza fundi alifika asubuhi, akapiga magoti, akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Siku ya pili vilevile. Jioni yake sebule ilikuwa tupu, vumbi limefika hadi kwenye mapazia, na maboksi ya vigae yamepangwa ukutani hata moja halijafunguliwa. Nilikasirika. Nikamwambia nimemwita aweke vigae, sikumwita apapase sakafu. Akanijibu kwa upole: "Dada, kigae hakifichi kosa la sakafu. Kinalionyesha."

Sasa ni miezi minane tangu amalize, na kama kuna kitu ninachomsifia fundi huyu kuliko vyote, ni zile siku mbili.

Naomba nieleze nilikotoka. Naishi na mama yangu, na mama anatembea kwa fimbo. Sakafu ya zamani iliwekwa na watu waliokuja asubuhi wakaondoka jioni ileile, na mimi nikawashukuru kwa haraka yao. Haukupita muda mrefu, vigae vikaanza kutoa sauti ya utupu ukivikanyaga, kisha kimoja karibu na dirisha kikapasuka kona. Ncha ya fimbo ya mama ikazama kwenye ule ufa. Aliwahi kushika kochi, hakuanguka, lakini usiku ule sikupata usingizi. Tulipokuja kuking'oa kigae kile nikaona sababu kwa macho yangu: chini yake palikuwa na vibonge vitano vya gundi, kimoja katikati na kimoja kila kona, na kati ya vibonge hivyo hewa tupu. Kona ikikosa pa kuegemea, kitu kizito kikidondoka tu, inakatika.

Kwa hiyo fundi huyu mpya nilimwangalia kila alichofanya. Alichukua fimbo ndefu ya alumini iliyonyooka, ya mita 2, akailaza sakafuni huku na huku, akichungulia mwanga unaopita chini yake. Alisema chini ya fimbo hiyo anakubali pengo la milimita 3, basi. Karibu na dirisha tulikuta 9. Palepale kilipopasuka kile kigae! Alichonga vilima, akafagia, akamimina saruji laini inayotandaa yenyewe, akaiacha ikauke.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa aliniokoa kabisa. Sebule ina urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 3.7, yaani mita za mraba 16.65. Vigae nilivyochagua ni vya sentimita 60 kwa 60. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu yangu: vigae 46 na robo, nikaongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika kama wengi wanavyoshauri, nikapata 51. Fundi akachora chumba kwenye karatasi. Ukianza na kigae kizima ukutani, akasema, upande wa pili utabaki na kipande chembamba chini ya sentimita 10, na hicho ndicho kila mgeni atakachokiona. Akaanzia katikati: kwenye upana vigae vitano vizima, na vipande vya kama sentimita 34 kila upande. Kwenye urefu akafanya hivyohivyo. Lakini kipande cha 34 kikishakatwa, mabaki yake hayatoshi kutoa kingine, kwa hiyo kila kipande cha pembeni kinakula kigae kizima. Jumla yake ikawa 56. Ningenunua kwa hesabu yangu, tungekwama kazi ikielekea ukingoni na kurudi kutafuta vigae ambavyo huenda rangi yake ingetofautiana kidogo na vya mwanzo. Tulinunua maboksi 15 yenye vigae vinne vinne, na kabla ya kulipa akasoma namba ya toleo kwenye kila boksi. Moja lilikuwa tofauti, tukalibadilisha.

Kuhusu vigae vyenyewe: ni vya kaure, visivyong'aa, vya daraja la R10 la kuzuia utelezi. Fimbo ya mama inashika vizuri, hata nikiwa nimetoka kupiga deki. Kwa hilo peke yake naviunga mkono. Ila uso wake unakwaruza na unashika uchafu, na maji matupu hayatoshi. Inabidi brashi laini mara moja kwa wiki. Anayetaka sakafu ya kufuta mara moja ikang'aa, hivi si vyake.

Kuweka kwenyewe kulikwenda haraka. Gundi aliitandaza kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, akapaka nyingine nyembamba mgongoni mwa kigae. Cha tatu alikiinua tena baada ya kukibandika, akanigeuzia nione. Mgongo wote ulikuwa umeshika gundi, hadi kona zote nne. Pembeni mwa kuta aliacha mwanya wa milimita 8 ili sakafu ipate pa kutanukia, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, ikaja kuufunika. Grauti, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya kigae na kigae, aliijaza siku iliyofuata.

Nina malalamiko mawili. Sakafu mpya ilipanda juu kuliko ya zamani, na mlango ukakwama siku ya mwisho. Ilibidi ung'olewe ukapunguzwe chini. Kwa mtu anayepima kila kitu kwa milimita, hilo alipaswa kuliona mapema na kuniambia. Pia aliacha ukungu wa grauti juu ya vigae, nikasugua siku nzima.

Hata hivyo nimemwita tena, safari hii kwa ajili ya korido. Nimemwomba aanze na mlango, na siku za kugonga sakafu nimemwachia achukue azitakazo. Vigae vinne vilivyobaki viko chini ya kitanda changu, ndani ya boksi lao lenye namba. Mama anatoka chumbani kwake hadi dirishani bila kuangalia chini.