Vipandishi vya usukani wa pikipiki: kipi kinunuliwe kwanza

Mwendeshaji anayeteremka kwenye pikipiki mabega yamekaza na viganja vimekufa ganzi, mara nyingi amekuwa akiulemea usukani kwa uzito wa kiwiliwili chake, kwa sababu usukani huo uko chini mno au mbali mno. Vipandishi, yaani vipande vya aluminiamu au chuma vinavyofungwa chini ya usukani ili kuuinua, huondoa tatizo hilo vikichaguliwa vizuri. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha yoyote, legeza bolti za kishikio cha usukani, yaani kibano kinachoushika katikati, uuzungushe kidogo kuelekea kwako, kisha urekebishe pembe ya mikono ya klachi na breki hadi kiganja, kifundo na kigasha vikae katika mstari mmoja. Wapo ambao maumivu yao huishia hapo.

Ikiwa hayakuisha, chukua vipimo. Keti kama unavyoketi safarini, fumba macho, nyoosha mikono bila kujilazimisha, na mwombe mtu apime umbali kutoka viganja vyako hadi mahali vishikio vya mikono vilipo, kwenda juu na kuja nyuma. Pima pia unene wa usukani pale unapobanwa, si pale unaposhikwa, kwa kuwa kuna sukani zenye milimita 22 kwenye vishikio vya mikono lakini milimita 28.6 katikati. Kipandishi cha unene usio sahihi hakirekebishiki, na kutia kipande cha bati ili kuziba nafasi ni hatari ambayo fundi makini hawezi kuikubali.

Nafasi ya kwanza naipa kipandishi cha kipande kimoja kinachoinua usukani na papo hapo kuurudisha nyuma. Waendeshaji wengi hudhani wanahitaji kimo, kumbe kinachowachosha ni umbali, nao mgongo hunyooka zaidi usukani unaposogea nyuma kidogo kuliko unapopanda sana. Kimo cha milimita 25 hadi 30 pamoja na milimita 20 za kurudi nyuma huwatosha watu wengi, na mara nyingi nyaya za awali za klachi na mafuta huendelea kufika. Angalia tu kwamba mikono ya klachi na breki haitagonga tangi la mafuta usukani ukikatwa hadi mwisho.

Cha pili ni kipandishi kilichonyooka, kinachokaa chini ya kishikio cha zamani na kufungwa kwa bolti ndefu zaidi. Hiki ni rahisi kukifunga, na kwa sababu shokapu za mbele zimelala kuelekea nyuma, hata chenyewe huurudisha usukani kidogo: shokapu zikilala kwa nyuzi 25, kipandishi cha milimita 30 huuleta usukani nyuma kwa takribani milimita 13. Udhaifu wake uko kwenye bolti. Bolti ya milimita 8 inayoingia kwenye aluminiamu inapaswa kushika uzi kwa angalau milimita 12. Ikiwa fupi, uzi utang'oka, na ikiwa ndefu mno, itagota chini ya tundu na kuonekana imekaza ilhali kishikio hakijabanwa. Kwa hiyo nunua kifurushi chenye bolti zake kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, na usipange vipandishi viwili kimoja juu ya kingine.

Cha tatu ni kubadilisha usukani wenyewe kwa ulio mrefu na uliopinda zaidi. Ni kazi kubwa, lakini humfaa anayetaka pia upana au pembe tofauti ya viganja. Vipandishi vyenye viungo vinavyozungushwa ili kurekebishwa kila mara naviweka mwisho, ingawa vinavutia dukani, kwa kuwa kila kiungo ni sehemu moja zaidi inayoweza kulegea. Pikipiki za mbio, ambazo nusu mbili za usukani hufungwa moja kwa moja kwenye shokapu, hazitumii vipandishi vya aina hizi.

Kimo kina gharama yake. Kifua hupokea upepo mwingi zaidi, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito, na ikiwa kishikio kimekaa juu ya bushi za mpira, usukani mrefu huzichezesha zaidi. Ukizidi milimita 50, jiandae kununua pia nyaya ndefu za klachi na mafuta na mpira mrefu wa breki, ambao ukibadilishwa breki lazima zitolewe hewa.

Baada ya kufunga kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali penye hewa, gia ikiwa huru, washa injini na uiache ingurume taratibu, kisha ukate usukani polepole hadi mwisho wa kushoto na wa kulia. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umevutika, na pikipiki hiyo isiendeshwe hadi waya upitishwe njia nyingine au kipandishi kifupi zaidi kifungwe. Rudia injini ikiwa imezimwa na gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa ili shokapu zinyooke kabisa, ukiutazama mpira wa breki na nyaya za umeme: visivutike, visikunjike, wala visibanwe popote. Bolti zikaguliwe tena kwa spana baada ya safari ya kwanza.