Dien Bien Phu 1954: kushambulia haraka au kwa uhakika?

Mwezi Januari, Jenerali Vo Nguyen Giap wa Viet Minh, jeshi la Wavietnamu waliopigania uhuru kutoka kwa Wafaransa, alikuwa na mipango miwili ya kuteka kambi ya Wafaransa huko Dien Bien Phu, bonde la kaskazini-magharibi mwa Vietnam.

Shambulio la haraka lilitaka kambi hiyo ianguke kwa siku chache tu. Chakula kingetosha, lakini mizinga ilikuwa haijafichwa, na askari wasiozoea kupigana uwanja wazi mchana wangefyekwa.

Mpango wa pili ulikuwa mgumu zaidi: kurudisha mizinga nyuma kwa kamba na mikono, kuichimbia mapango milimani, kisha kusogeza mahandaki hadi karibu na ngome. Vita vikirefuka hivyo, mzigo wa kupeleka chakula na risasi ukahamia kwa wachukuzi. Baiskeli moja ilibeba zaidi ya kilo 200.

Giap aliahirisha. Alianza Machi 13, akaunyamazisha uwanja wa ndege, na kambi ikaanguka Mei 7. Mpango wa kwanza, kwa maoni yetu, ungemgharimu jeshi lake bora.