Amplifaya ya valvu kwa hedifoni yako: ipi ununue ukiwa Kampala na mfuko wa kawaida

Kabla hatujaenda mbali, valvu ninayoisema hapa ni ile ya kioo, ile iliyokuwa ndani ya redio za kina babu, unawasha halafu unasubiri ipate moto ndo iongee. Kuna wanaoiita tyubu, ila mimi nilienda Katwe kuulizia tyubu nikaonyeshwa kwa mkono fundi wa baiskeli, kwa hiyo hapa tuseme valvu tuelewane.

Tangu jamaa zangu waone kile kidude kinachowaka rangi ya chungwa mezani kwangu, swali ni moja tu, boss nichukue ipi? Na mimi nawarudishia swali, hedifoni yako ni ya omu ngapi, yaani ukinzani wake kwa umeme? Kimya. Mtu ana pesa mkononi, ameshapiga hesabu ya kargo, ameshachagua rangi, lakini hiyo namba haijui, na hiyo namba ndo inaamua kama utafurahi ama utauza hicho kitu nusu bei baada ya wiki mbili.

Mimi niliuza. Ya kwanza kununua ilikuwa ya valvu peke yake bila transista, nzito kama jiwe la kusagia, na hedifoni niliyokuwa nayo ni Audio-Technica M50x ambayo ni omu 38. Nikachomeka, nikaweka rumba ya zamani ya Kikongo, banange! Besi kama mtu anaongea ndani ya pipa, na lile gitaa la solo ambalo ndo utamu wenyewe wa sebene likajificha huko nyuma, unalisikia kama liko nyumba ya jirani. Nikadhani valvu ni mbovu, nikabadilisha valvu. Nikadhani waya, nikanunua waya. Kumbe mashine ilikuwa nzima kabisa, mimi ndo niliozesha wasioendana.

Iko hivi. Valvu inatoa volti nyingi lakini mkondo kidogo, ndo maana amplifaya za valvu za kawaida zinawekewa transfoma ya kutolea sauti, na transfoma nzuri ni pesa. Wachina wanaotengeneza za bei nafuu wanaitoa hiyo transfoma, aina hiyo inaitwa OTL, na bila transfoma tundu la hedifoni linabaki na ukinzani wake, makumi ya omu. Hedifoni ya omu 38 ukiichomeka hapo, karibu nusu ya volti inaishia ndani ya mashine na kile kinachobaki hakina mkono wa kuishika spika isiyumbe, ndo ile besi ya pipa. Mafundi wana kanuni yao: ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Ya omu 32 inataka amplifaya ya omu 4 kushuka chini. Ya omu 300 inavumilia 37 hivi, na hata ukizidi kidogo haikasiriki.

Aina ya pili ni mseto, haibridi wanavyosema, valvu inapokea sauti mwanzoni halafu transista ndo zinasukuma hedifoni, na transista hazina shida ya mkondo. Hii ndo aina ya watu wengi. Angalia hedifoni yako, imeandikwa kwenye boksi ama ndani ya mkono wake, ile alama kama kiatu cha farasi Ω. Sony MDR-7506 ni 63, Philips SHP9500 ni 32, DT 770 na DT 990 za Beyerdynamic zinakuja na namba tofauti tofauti kwa hiyo usidhani, soma, na Sennheiser HD 600 na HD 650 ni 300.

Sasa mpangilio wangu, bei nazitaja kwa dola kwa sababu ndo utakavyolipa, shilingi zidisha kwa 3,700 uwe salama, na ni bei za kukadiria zinapanda na kushuka.

Namba moja kwa mtu wa kawaida ni xDuoo MT-602, kama dola 100. Ni mseto, ina valvu mbili ndogo aina ya 6J1, haina mbwembwe, na inasukuma hizi hedifoni za omu 32 hadi 80 bila kulalamika. Ina tundu za RCA, zile za duara nyekundu na nyeupe, za kuingizia na za kutolea, yaani ukitaka siku moja kuiunganisha na spika unaweza. Hizo 6J1 ni valvu za kazi, ndugu wa 6AK5 na EF95 za Wazungu, zilitengenezwa nyingi mno kwa hiyo spea haziumizi mfuko. Sauti yake? Usitegemee miujiza. Inalainisha kidogo, sauti ya mwimbaji inasogea mbele, matoazi hayachomi tena sikio. Ukisikiliza kadongo kamu, mtu na gitaa lake tu, utaelewa watu wanapenda nini. Ukisikiliza mabiti ya klabu utauliza pesa imeenda wapi.

Namba mbili ni Darkvoice 336SE, dola 200 na kitu mpaka 250, na hii ningeiweka ya kwanza bila kufikiria kama una hedifoni ya omu 250 ama 300. Kama huna, ruka aya hii, nakuomba. Ni OTL ya kweli, valvu ya mbele ni 6SN7 na ile kubwa ya nyuma ni 6AS7. Utamu wake na HD 600 ama HD 650 una sababu, hizo hedifoni ukinzani wake haukai 300 sehemu zote, kwenye besi unapanda unakaribia na kupita 500, kwa hiyo amplifaya yenye ukinzani mkubwa inazipa besi volti nyingi zaidi kuliko sehemu nyingine. Kwa hiyo lile "joto" wanaloliimba nusu yake ni hesabu tu ya omu. Mimi halinisumbui, sikio halijui hesabu.

Ila ujue unachokaribisha nyumbani. Ndani mna volti zaidi ya 100 na kapasita zinashika umeme hata baada ya kuchomoa, usifungue kwa kushangaa tu. Simu usiiweke karibu, inadaka mawimbi, mimi nilikuwa najua mobile money imeingia kabla simu haijalia, tititi tititi ndani ya masikio. Na kama unakaa chumba cha muzigo, vile vya kupanga, ambacho waya wa ardhi haukuvutwa, yaani ile pini ya tatu ya soketi ni pambo, jiandae kwa mvumo, uuuum wa chini chini usiokwisha. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, haitakuua, nyuzi za kupasha moto peke yake zinakula karibu wati 20, mashine yote tuseme 40, masaa matatu kila jioni ni kama shilingi mia. Chumba kitapata joto lakini. Mwezi wa pili utalisikia.

Namba tatu, Loxjie P20, inazunguka hapo hapo kwenye dola 100. Mseto, valvu mbili za 6N3, na ina tundu la hedifoni la balansi la pini nne, yaani kulia na kushoto kila upande na waya zake mbili. Ina nguvu ya kutosha hata kwa zile za omu 300, kwa hiyo mtu mwenye hedifoni mbili za namba tofauti aitazame hii. Kwa nini basi ya tatu? Kwa sababu ukisikiliza iafoni, zile ndogo za kuingiza sikioni, zenye usikivu mkali, za KZ kwa mfano, kelele ya chini inasikika kabla wimbo haujaanza, na faida yote ya balansi huipati kama kinachoipelekea sauti si cha balansi, na wengi wetu hatuna.

Namba nne ni Bravo Audio V2, dola 60 na kitu. Valvu moja ya 12AU7 imesimama uchi katikati ya vipande viwili vya plastiki, adapta ya volti 24, na inapendeza banange. Ila niambie ukweli unapenda sauti ama unapenda taa? Maana ile rangi ya buluu chini ya valvu si valvu, ni LED imefichwa kwenye tundu. Valvu yenyewe inawaka chungwa, tena kidogo, kama ncha ya sigara ndani ya kioo, zima taa ya chumba ndo utaiona. Na hizo volti 24 kwa valvu iliyozoea mamia ni njaa, inafanya kazi lakini kwa shida, inachafua sauti kuliko zile za juu, japo kuna watu wanaupenda huo uchafu na siwabishii. Vile vipoozeo vya alumini vinachoma kidole, weka mbali na watoto. Nzuri kwa kijana anayetaka kuanza na kuchezea valvu, maana 12AU7 zimejaa duniani, ECC82 ni ile ile kwa jina lingine. Lakini usidanganywe kuweka ECC88, inaingia tundu lile lile vizuri kabisa halafu inapewa volti 12.6 kwenye uzi unaotaka 6.3, na hapo pesa imeungua.

Ya mwisho kabisa, vile viboksi vya 6J1 vya dola 15 hadi 30. Nyingi si amplifaya za hedifoni, ni za kukaa kati ya simu na amplifaya nyingine, ukichomeka hedifoni unapata sauti ya mbu. Na adapta zake nyingi ni za AC volti 12, yaani AC kweli, siyo DC, ikiharibika ukachukua ya kawaida pale mjini haitafanya kazi vizuri na utadhani imekufa.

Vali ya Schiit ya Marekani ningeisogeza juu sana, mseto safi na inashika hedifoni za omu ndogo vizuri, ila usafiri unaumiza na lazima uagize adapta ya huku. Adapta ya volti 120 kwenye soketi yetu ya 240, moshi.

Halafu kitu watu wanasahau. Amplifaya hizi hazina daki (DAC) ndani, kile kinachogeuza namba za simu kuwa sauti, haziongei na simu yako kwa USB, zinataka sauti iliyokwisha kugeuzwa. Kale kadongoli ka Apple ka taipu-si, kama dola 9, kanatosha kabisa, toa waya wa 3.5 uende RCA. Na kama hedifoni yako ni ya omu 32, kanunue hako peke yake kwanza, usikilize wiki mbili bila valvu yoyote. Kama hukosi kitu, umeokoa laki tatu, ongezea kwenye hedifoni nzuri zaidi maana hiyo ndo inabadilisha sauti kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Mimi nauza ndoto hapa lakini sitaki kukuibia.

Ukiagiza, mwambie wakala wa kargo akupe bei mpaka mkononi, siyo ya kilo tu, kwa sababu VAT ya URA, watu wa kodi, ni 18% na ushuru juu yake, watu wamelia pale ofisini kwao. Omba valvu zifungwe peke yake, zisije zimesimama kwenye mashine. Mwandikie muuzaji volti 220 mpaka 240, herufi kubwa. Zikifika tikisa kidogo kila valvu karibu na sikio, na tazama kwa juu pale kwenye doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, likiwa jeupe kama maziwa basi hewa imeingia, hiyo imekufa, piga picha udai pesa yako. Siku ya kwanza washa, sauti iwe chini kabisa, subiri dakika nzima ndo uchomeke hedifoni, hasa OTL, zinapiga mlio wakati zinaamka.

Ile yangu niliyouza aliichukua jamaa mmoja wa Ntinda, nusu bei, akacheka. Ana HD 600. Nikienda kwake ananivalisha, anaweka ile ile rumba, gitaa la solo linakuja mpaka mbele ya pua, na yeye haniulizi chochote, anakunywa chai yake tu.