Usukani wa kujiendesha uliotutupa baharini: uzoefu wangu

Kama una mpango wa kufunga usukani wa kujiendesha kwenye mashua ya matanga, soma kwanza yaliyotufika msimu uliopita wa kusi, ule upepo wa kusini, tukitoka Victoria, Shelisheli, kuja Kilifi. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wanajijua.

Njia hiyo inapita maili 900 za baharini na tulikuwa watatu: nahodha, baharia mwenzangu na mimi. Kwa idadi hiyo lazima kiwepo kitu cha kuwashikieni usukani, ili mwenye zamu aweze kutazama kama kuna meli, kupunguza tanga upepo ukizidi, na kubandika wali huku sufuria imebanwa isiruke. Siku za mwanzo kifaa kiliifanya kazi hiyo. Nisiwe dhalimu: kilishika njia vizuri kuliko mimi.

Usiku mmoja, katikati ya safari, kusi linavuma kutoka nyuma mkono wa kushoto na mawimbi yanainua tezi, yaani nyuma ya mashua, nikasikia mkwaruzo chini. Omo, yaani mbele ya mashua, ikageukia upepo, tanga likaanza kupigapiga, na usukani ukaganda nusu. Tulipofungua tukakuta gia zimenyofoka meno. Gia za plastiki! Bahari ya nyuma ndiyo inayokitesa kifaa cha namna hii, maana kila wimbi linalosukuma tezi linataka usukani urudishwe upesi, usiku kucha. Aliyeweka plastiki pale alijua fika.

Nikampigia wakala kwa simu ya setilaiti. Sikumwomba fidia wala sikumtukana. Nilimwuliza jambo moja tu: mkono wa kifaa unachomolewa vipi ili usukani uachie? Akanijibu, "Kwani mashua yenu haina usukani wa mkono?" Akacheka, akakata simu. Watu watatu wako gizani, nchi kavu iko mamia ya maili, na yeye anacheka! Mpaka leo kicheko kile hakijanitoka. Nahodha aliuchomoa mkono mwenyewe, kwa spana na tochi mdomoni.

Tangu hapo tukashika usukani kwa mikono, saa mbili mbili, usiku na mchana. Usingizi ukawa wa vipande, na nguo mbichi za chumvi tukalala nazo. Wali ukaisha, tukawa watu wa biskuti na tende. Samaki panzi waliorukia sitahani usiku walikaukia hapohapo, kwa kuwa hakuna mwenye mkono wa kuwaokota. Mwenzangu na mimi tulikuwa tukiswali jamaa. Ikawa kila mtu peke yake, ameketi, mwingine yuko kwenye usukani anamsomea dira. Tulipotoka kibla kilikuwa kaskazini-magharibi, na kadiri tulivyokaribia nyumbani kikawa kaskazini hasa, kwa kuwa Kilifi na Makka ziko karibu longitudo moja. Na pwani yetu ina mkondo unaosukuma kwenda kaskazini, kwa hiyo tulilazimika kuelekeza omo kusini ya Kilifi na kuushikilia mwelekeo huo kwa mikono iliyochoka, tusije tukajikuta Malindi.

Nilipofika nilikuwa tayari kuwapa nyota mbili, kwa ajili ya zile siku za mwanzo. Kwenye maji tulivu kifaa ni kizuri, siwezi kukana. Labda hata tatu, nilifikiri, baada ya kulala usiku mzima.

Kisha nikaenda dukani. Yuleyule wakala akaniambia dhamana haihusu safari za bahari kuu. Kwenye tangazo lao mashua iko wapi? Iko bahari kuu, hakuna hata kisiwa nyuma yake! Na pole hakunipa, hata ya mdomo.

Basi nyota hakuna, na ile sifa ya maji tulivu naifuta. Anayeuza kitu cha kubeba roho za watu apokee simu kama mtu. Nahodha ameshaagiza usukani wa upepo, usiohitaji umeme. Hiki kibovu nitakirudisha mimi mwenyewe, na sitatoka dukani mpaka wakala anionyeshe kwa maandishi ni bahari ipi walikitengenezea.