.30-30 au .308 kwa kulungu wa Michigan?

Jamani msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki Michigan, Marekani, ni Novemba 15 mpaka 30 na watu bado wananiuliza wabebe bunduki ya risasi ipi kati ya hizi saizi mbili. Kwa msitu mnene wa kule juu, Upper Peninsula (upande wa kaskazini wa jimbo), mimi nasema .30-30, tena kwenye ile bunduki ya Winchester 1894 ya kukoki kwa wenzo wa chini, ni fupi, nyepesi, hainasi kwenye matawi, na kulungu wa huko unamwona yuko mita 50 hivi, anainua ule mkia mweupe mara moja tu keshapotea. Shida yake risasi zinapangana kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja inagusa fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake, kwa hiyo usitie zenye ncha kali ya chuma aisee, zinaweza kulipukia humo humo, tia za ncha bapa.

.308 ilitoka 1952, inafika mbali, ukikaa pembeni ya shamba la mahindi mita 200 ndo yenyewe, ila bega litaisikia. Yoyote utakayobeba vaa ile rangi ya chungwa inayong'aa, na kama huoni kilichopo nyuma ya mnyama usifyatue. Yangu ya .30-30 nshaipaka mafuta.