Upasuaji wa mtoto wa jicho Moshi: uliza kwanza lenzi ni ya mbali au ya karibu

Huduma yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya maelezo, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Jicho la kulia nimefanyiwa katika hospitali ambayo siitaji. Dalili zilianza na miwani kubadilishwa mara kwa mara bila nafuu, kisha taa za magari usiku zikawa zinatawanyika, mwisho nikawa natofautisha uzi mweusi na wa bluu kwa kuupeleka mlangoni kwenye jua. Wateja walinishauri asali, wengine matone ya duka la dawa. Mtoto wa jicho ni ukungu ulio ndani ya lenzi ya jicho, nyuma ya mboni, na hakuna tone linaloweza kuuondoa. Dawa ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia.

Upasuaji haukunisumbua. Unachomwa ganzi kando ya jicho (hapo kuna maumivu kidogo, nisidanganye), unafunikwa uso, unabaki macho huku unamsikia daktari akizungumza na nesi. Wanapasua tundu dogo, lenzi ya zamani inatolewa, mpya inawekwa kwenye kifuko kilekile cha ya kwanza. Mimi sikushonwa. Niliuliza kama hiyo plastiki haitaoza humo ndani, daktari akacheka: Mwingereza Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za vita vikikaa machoni mwa marubani bila kuleta madhara.

Bandeji ilipotolewa, rangi zilinishangaza. Kitenge nilichodhani ni cha rangi ya maziwa kumbe ni cheupe kabisa.

Sasa lalamiko. Kabla ya upasuaji walinipima urefu wa jicho na mpindo wa kioo chake cha mbele, ili wajue nguvu ya lenzi. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Lenzi ya kawaida huwa na umbali mmoja tu wa kuona vizuri, na yangu wakaipanga ya mbali. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nakiona vizuri mno, lakini kutunga uzi kwenye sindano siwezi bila miwani ya kusomea. Kwa dereva hiyo ni neema. Kwa fundi, jamani! Kama unashona, unasahihisha madaftari au unatengeneza saa, litaje hilo siku ya vipimo.

Foleni ya kliniki ni ndefu, beba chai. Matone ya baada ya upasuaji yanaendelea kwa wiki kadhaa na hayataki kurukwa. Usisugue jicho. Likiuma sana, likawa jekundu au uono ukashuka, rudi siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kadi. Na uono ukififia tena miezi au miaka baadaye, usidhani mtoto wa jicho amerudi: mara nyingi ni kile kifuko kimepata ukungu, kinafunguliwa kwa leza kwa dakika chache.

Jicho la kushoto bado. Nimemwomba daktari hili alipange la karibu kidogo. Amekubali tujaribu, ila kwanza nivae miwani ya majaribio inayoiga hali hiyo, maana si kila mtu huzoea macho mawili yenye umbali tofauti.